Mahindi Ndani ya Silanga

Mahindi bora zaidi kijijini kwetu hupandwa ndani ya silanga. Hayatiwi mbolea wala hayamwagiliwi. Kufikia Januari, mashamba ya pembeni yakiwa yameshaanza kunyauka na mbaazi peke yake ndiyo iliyosalia na ujasiri, kule chini mabua yanasimama mazito, ya kijani cha kuonewa kijicho. Anayelima pale ni jirani yetu. Hana hati ya kipande hicho, na hakuna mwingine mwenye hati, kwa sababu katika ramani ya serikali pale bado ni maji.

Nilipokuwa mtoto palikuwa na maji kweli. Si mengi: dimbwi la rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wamesimama hadi magotini, punda wakingoja zamu na mitungi yao mgongoni, akina mama wamechimba visima vidogo kando ili mchanga uwachujie. Tulikatazwa kuogelea na tuliogelea. Kila likizo ya Desemba dimbwi lilikuwa limepungua kidogo, hadi Desemba moja nikakuta mahindi yameota mahali nilipojifunzia kupiga mbizi. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi niliyetoka Nairobi.

Silanga ni bwawa dogo la udongo. Watanzania huliita lambo. Serikali huliita bwawa tu, jina lile lile la Masinga lenye mitambo ya umeme, na labda ndiyo maana silanga hupotea kwenye hesabu zake. Halina zege. Unachagua bonde jembamba lenye udongo wa mfinyanzi, unachimba upande wa juu na kurundika upande wa chini, unaushindilia mpaka uwe ukuta, unaacha pembeni njia ya kupitishia maji ya ziada ambayo mafundi huiita spilwei, kisha unangoja mvua. Ukambani mvua huja mara mbili, masika na vuli, na vuli ndiyo ya kutegemewa zaidi. Ikija huja kwa hasira: siku chache za gharika, halafu miezi ya anga tupu. Silanga hukamata gharika ya siku nne ili iwe kinywaji cha miezi minne.

La kwetu liko chini ya milima ya Mbooni, katika kaunti ya Makueni. Nyanya yangu, ambaye sote tunamwita Susu kama Wakamba wanavyowaita bibi zao, alibeba udongo wa ukuta ule akiwa msichana, katikati ya miaka ya 1950. Anakumbuka makarai kuliko anavyokumbuka watu. Anasema karai la serikali lilikuwa zito hata likiwa tupu. Asubuhi hedimani alisoma majina, na asiyeitika alitozwa faini. Ng'ombe waliletwa kupitapita juu ya udongo mbichi ili waushindilie kwa kwato, "na hao," anasema Susu, "hawakusomewa majina." Nilimwuliza kama walifurahi maji yalipojaa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama alifurahia kulipa kodi. Kisha akasema maji yalikuwa matamu.

Majibu yote mawili, ule mtazamo na yale maneno, yalinikaa kichwani. Nikaanza kusoma mambo yaliyoutangulia ukuta ule.

Kabla ya masilanga, Wakamba walikuwa na namna yao ya kushughulikia maji, na namna hiyo ilikuwa miguu. Maji yakiisha hapa, mifugo ilihamishiwa kule. Wengine walichimba mchanga wa mito iliyokauka mpaka wakafikia unyevu, jambo ambalo hata ndovu hulifanya. Njaa zilikuja hata hivyo, na zikapewa majina: ile ya mwisho wa karne ya 19, iliyoandamana na ndui na maradhi ya mifugo, inaitwa Ngomanisye hadi leo. Lakini baada ya njaa watu walirudi, mifugo ikazaana, majani yakaota tena. Kisha ikaja mipaka. Walowezi walichukua ardhi ya milima ya Mua na mbuga za karibu nayo. Yatta, ambako watu walizoea kuchungia wakati wa ukame, ikafanywa ardhi ya Mfalme wa Uingereza, na mwenye ng'ombe akahitaji kibali kuingia. Watu wakabaki ndani ya hifadhi, wakazidi kuongezeka humo, na ng'ombe wao pia. Ikiwa ng'ombe hawezi tena kuyafuata maji, basi maji hayana budi kumfuata ng'ombe. Ndipo haja ya silanga inapoanzia.

Mwaka 1937 afisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko katika hifadhi ya Wakamba ya Machakos. Makueni ya leo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos wakati huo, na ikabaki hivyo hadi 1992. Hali aliyoikuta haikuwa uzushi. Picha za mwaka huo zipo: vilima vipara, makorongo yenye kina cha kummeza mtu, miti ya kuhesabika. Katika maelezo yote yaliyowezekana, serikali ilishika moja kwa mikono miwili: ng'ombe ni wengi mno. Mwaka uliofuata ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Ilisaidia pia kwamba kule Athi River kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinahitaji ng'ombe wa bei rahisi.

Kilichofuata ni mojawapo ya visa vinavyostahili kufundishwa zaidi ya vinavyofundishwa. Julai 1938 umati wa Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, ulikwenda Nairobi ukiongozwa na Muindi Mbingu, ukapiga kambi huko kwa wiki kadhaa na kudai kuonana na gavana. Hawakuvunja duka wala kurusha jiwe. Walikaa tu. Gavana Brooke-Popham alilazimika kufanya baraza Machakos, na kabla ya mwaka kwisha mpango wa kuuza ng'ombe kwa nguvu ukaachwa. Muindi mwenyewe alihamishiwa Lamu. Leo ana barabara katikati ya Nairobi, na nimeipita mara nyingi nikikimbilia matatu bila kuwaza hata mara moja kwamba jina lile lina uhusiano na silanga nililoogelea.

Uhusiano upo. Serikali iliposhindwa kupunguza ng'ombe, ilibaki na udongo uliokuwa ukihama na watu waliojua kwamba wanaweza kuishinda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikarudi na mpango mkubwa zaidi, kupitia chombo ambacho baadaye kilijulikana kwa kifupi kama ALDEV, bodi ya maendeleo ya ardhi ya Waafrika. Safari hii ilikuja na fedha, matrekta, na kazi za lazima chini ya machifu. Watu hawakuiamini. Mwaka 1946 palitokea watu waliolala chini mbele ya trekta lililoletwa kuchimba matuta, wakihofia kwamba ardhi itakayotengenezwa na mashine ya Mzungu itageuka kuwa ya Mzungu. Ukikumbuka Mua na Yatta, huwezi kuwacheka.

Halafu ikaja Hali ya Hatari ya 1952. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, na serikali iliogopa sana wasije wakaungana na Mau Mau. Fedha zilimiminwa Ukambani kuliko wakati wowote uliotangulia: shule, zahanati, barabara na masilanga. Silanga la Susu ni la miaka hiyo. Kwa hiyo lilikuwa adhabu na hongo kwa wakati mmoja, na juu ya hayo lilikuwa maji. Kwa msichana ambaye jana alitembea nusu ya siku kwenda mtoni, sababu ya serikali haikubadilisha ladha.

Hapa inabidi nifanye hesabu kidogo, nawe msomaji uvumilie, kwa sababu ndani ya hesabu hii mna jambo lililonifanya nicheke peke yangu usiku.

Erik Nissen-Petersen, Mdenmaki aliyefanya kazi ya maji Ukambani kwa miaka mingi, alitoa mwaka 2006 kitabu cha mwongozo wa kujenga mabwawa madogo. Kimo humo kipimo cha haraka ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia. Chukua upana wa maji pale ukutani, zidisha kwa umbali ambao maji yanarudi nyuma bondeni, zidisha tena kwa kina kirefu zaidi, kisha gawanya kwa 6. Silanga la upana wa meta 60, linalorudi nyuma meta 120, lenye kina cha meta 4, linashika meta za ujazo 4,800. Hizo ni lita milioni 4.8. Kwa kijiji, huo ni utajiri.

Sasa waite ng'ombe 200 waje wanywe. Mmoja mmoja hunywa kama lita 25 siku ya kiangazi. Kwa siku 150 watakuwa wamemaliza meta za ujazo 750. Kisha lihesabu jua. Katika nchi kavu za Kenya jua na upepo huondoa kina cha karibu meta 2 za maji kwa mwaka. Silanga letu la mfano lina uso wa takriban meta za mraba 3,600 likiwa limejaa. Kwa siku zile zile 150, hata ukizingatia kwamba uso unazidi kupungua kadiri maji yanavyoshuka, jua litakuwa limechukua meta za ujazo 2,000 au zaidi. Jua limekunywa karibu mara tatu ya ng'ombe wote kwa pamoja. Na jua ndilo pekee ambalo hakuna serikali iliyowahi kuliundia tume.

Ndiyo maana katika silanga kina ni muhimu kuliko upana. Silanga pana lisilo na kina ni sinia ya kumwandalia jua chakula. Na hapo ndipo tope linapoingia. Kila mvua inayoshuka na udongo wa juu huuacha udongo huo pale maji yanapotulia, yaani ndani ya silanga. Uso unabaki na upana wake, ila kina kinapungua. Meta 4 zinakuwa 3, zinakuwa 2, na siku kinapofika meta 1 huna haja ya ng'ombe hata mmoja. Jua litamaliza lenyewe kabla ya mvua ijayo. Silanga hufa hivyo bila kelele. Ukuta unabaki mzima, nyasi juu yake nzuri, na mgeni anaweza kupita akausifu.

Ukoloni ulilijua hilo. Maafisa wenyewe waliandika kuhusu mmomonyoko mpaka wino ukaisha. Lakini silanga linaonekana, linazinduliwa, linapigwa picha na bwana DC amevaa kofia yake, ilhali mteremko uliotibiwa hauna cha kuonyesha isipokuwa nyasi. Basi masilanga mengi yalichimbwa chini ya vilima ambavyo bado vilikuwa vikivuja udongo, na mengi yakaanza kujaa ukuta ungali mpya. Ningependa kusema kwamba tabia hiyo ilikwisha 1963.

Kilichowaokoa Wakamba, kwa kiasi walichookoka, kilifanyika juu ya masilanga, kwenye miteremko. Amri ya kwanza ya serikali ilikuwa mitaro myembamba, udongo ukitupwa upande wa chini. Ilichimbwa haraka na ikabomoka haraka. Wakulima wengine, baadhi yao wakiwa askari waliorudi vitani na kuona kilimo cha nchi nyingine, walipendelea matuta mapana yanayofanana na ngazi, na wakagundua kwamba ukitupa udongo upande wa juu wa mtaro badala ya chini, mvua yenyewe inakusaidia kusawazisha shamba mwaka hadi mwaka. Njia hiyo inaitwa fanya juu. Nilifurahi kama mtoto nilipokuta maneno hayo mawili, fanya juu, yameandikwa kwa Kiswahili hivyo hivyo katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo. Kwa kawaida sisi ndio tunaokopa msamiati.

Na waliochimba walikuwa nani? Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 kazi ya amri ilianza kuachia nafasi mwethya, ushirika wa zamani wa Kikamba ambamo majirani hulimiana kwa zamu. Vikundi vilichagua viongozi wao, vikachagua shamba la kuanzia, na wengi wa wanachama walikuwa wanawake. Susu anatofautisha kazi hizo mbili kwa chakula. Kazi ya hedimani ulikwenda na njaa yako na kurudi nayo. Mwethya mwenye shamba alipika.

Uhuru ulipokuja, jembe la lazima lilitupwa, na kwa muda mfupi hata la hiari lililegea, kwa kuwa kuchimba mtaro kulinuka ukoloni. Miaka ya 1970 kazi ilirudi kwa nguvu. Serikali na wafadhili walikuwepo, tena wengi, lakini kilichowasukuma watu zaidi ni ardhi iliyokuwa ikipungua kwa kila mwana aliyeoa, na soko la Nairobi lililonunua kahawa, maembe, maharagwe na nyanya. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos kilichowashtua wengi. Wilaya iliyokuwa na watu kama 240,000 mwaka 1932 ilikuwa na karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Picha za 1937 zilirudiwa mahali pale pale mwaka 1991: palipokuwa na mlima kipara pana matuta na miti. Wako watafiti waliojibu kwamba hadithi hiyo ni tamu mno, kwamba matuta mengi yalilipiwa na mishahara ya mjini na kwamba asiyekuwa na mtoto Nairobi aliachwa nyuma. Nimezaliwa na mishahara hiyo ya mjini, kwa hiyo sibishani nao.

Mwaka 1978 pia ndipo Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walipoanza kujenga mabwawa ya mchanga, ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na maji yakahifadhiwa katikati ya chembe, mahali ambapo jua halifiki. Yale mashimo ya mababu mtoni yamepewa ukuta. Bwawa la aina hiyo linataka lijae mchanga. Silanga likijaa limekwisha. Nimeshawahi kumsikia kijana msomi akipendekeza kwamba silanga letu, maadamu limejaa, "tulihesabu tu kuwa bwawa la mchanga". Haiwezekani. Mto ule unaleta mchanga mkubwa unaoachilia maji. Sisi tumejaliwa tope la shambani, ambalo hushika maji kama bahili. Mahindi yanayajua kuyanyonya. Mtungi haujui.

Hadi miaka michache iliyopita niliamini kwamba tope ni huzuni tu. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la udongo lilipasuka Solai, kaunti ya Nakuru, likaua zaidi ya watu 40. Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa mno. Niliwaza kama wengi: hilo lilikuwa kubwa kuliko letu, na la shamba la mtu binafsi, halituhusu. Mwishoni mwa Aprili 2024 maji yakaua makumi ya watu Mai Mahiu usiku, na taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba halikuwa bwawa: takataka na magogo yaliziba kalavati chini ya tuta la reli ya zamani, maji yakarundikana nyuma yake mpaka tuta likashindwa. Maelezo hayo yalinitisha kuliko taarifa ya kwanza. Kila rundo la udongo linalozuia maji ni bwawa, hata kama aliyelijenga alikuwa akifikiria treni.

Fundi yeyote atakuambia kwamba adui wa ukuta wa udongo ni maji yanayopita juu yake. Ukuta wa zege unaweza kuvumilia kufurika. Wa udongo hukatwa kama ugali kwa uzi. Mchwa na fuko huudhoofisha, mizizi ya miti huacha mianya ikioza, lakini kinachoumaliza ni kupandwa na maji. Ndiyo kazi ya spilwei: maji ya ziada yapite pembeni, yasipande ukutani. Na silanga lililojaa tope halina nafasi ya kupokea gharika, hivyo gharika yote huenda kwenye spilwei papo hapo. Jirani yetu, ili ng'ombe wasiingie kwenye mahindi yake, ameiziba spilwei kwa ua wa matawi ya miiba. Matawi hukamata majani, majani hukamata tope. Chini ya ukuta, umbali wa kama meta 400, pana nyumba tano na shule ya chekechea.

Basi Agosti mwaka jana uliitwa mkutano. Mtu mmoja anayetaka kiti alikuwa ameahidi kuleta ekskaveta ichimbe tope lote kwa siku tatu, bure. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa kamati ya maji alisimama, akawasalimu wazee, akina mama na vijana kwa utaratibu wake mrefu, kisha akauliza tope likitolewa litawekwa wapi. Kimya. Mtu akasema kando. Mwingine akasema kando ni shamba lake. Ndipo Susu, ambaye siku hizi huletwa mkutanoni kwa pikipiki akiwa amekaa upande, akaomba kusema. "Ile ya kwanza tulibeba sisi," alisema. "Hii itabebwa na mashine. Sawa. Lakini mimi nataka kujua linatoka kwa nani."

Wasomaji wa mjini watasema hilo ni swali la mtaalamu. Sheria ya Maji ya 2016 inazungumzia vibali na vyama vya watumiaji maji, na mipango ya kutunza eneo lote linaloleta maji. Katiba ya 2010 inatupa haki ya maji safi ya kutosha. Hakuna kati ya hizo inayoweza kupanda mlima na kukuonyesha korongo limeanzia kwenye shamba la nani. Tulipanda wenyewe, watu kumi na wawili, siku iliyofuata asubuhi. Korongo linaloingia kwenye silanga lina matawi mawili. La kushoto linatoka barabarani, pale greda ya barabara ilipoelekeza maji yote ya kilomita nzima kwenye mfereji mmoja. Hilo tulilitarajia, na kila mtu alifurahi kuilaumu barabara kwa dakika kumi nzima.

La kulia tulilifuata likizidi kuwa jembamba, kati ya mikonge, likapita chini ya mwembe, likaishia kwenye njia ya ng'ombe ndani ya shamba letu.

Nasema letu kwa maana halisi. Babu alikufa akiliacha kwa wanawe wanne, likagawanywa kwa urefu, kutoka juu ya mlima hadi chini, ili kila mmoja apate kidogo cha rutuba na kidogo cha mawe. Ulikuwa mgawanyo wa haki. Lakini matuta hukatiza mteremko, na mipaka mipya ilishuka nao. Baba mdogo alipolima kwa maksai, akilima kwa urefu kwa kuwa kipande chake ni chembamba mno kugeuzia plau, matuta ambayo Susu na mwethya wake waliyachimba yalivunjwa moja baada ya jingine. Hakuna aliyeona kosa. Ilichukua miaka kumi na kitu. Tope ambalo ndani yake jirani anavuna mahindi ni shamba la babu yangu, na robo ya shamba hilo, kupitia kwa baba, imeandikwa jina langu.

Susu hakutaka kupanda mlima. Tuliporudi kumwambia alikuwa chini ya mwembe wa nyumbani akichambua mbaazi. Akauliza tu, "Ni kwetu?" Nikasema ni kwetu. Akaendelea kuchambua.

Ekskaveta haijaja, aliyeiahidi ameahidi pia vijiji vingine. Kamati iliamua kuanza juu. Baba mdogo alikataa kwanza, kwa sababu mtaro mmoja wa fanya juu unamla mistari miwili ya mahindi, na yeye ana kipande cha hatua ishirini kwa upana. Alikuwa na haki ya kukasirika. Tulikubaliana mwishowe kwamba mitaro ipite mashamba yote manne bila kujali mipaka, na kwamba majani ya ng'ombe yatakayopandwa kwenye kingo yatakuwa yake peke yake. Tulipima kwa kamba na pima maji. Mwethya ilikuja Jumamosi tatu, wanawake ishirini na wanaume sita, na nyumbani kwetu tukapika. Jirani aliondoa miiba kwenye spilwei baada ya kuombwa mara nne, akairudisha, akaiondoa tena.

Mvua ya vuli ilianza wiki ya kwanza ya Novemba. Mitaro mitatu ilikuwa imekamilika na minne bado. Usiku wa mvua ya pili nilitoka na tochi nikaenda kusimama kwenye mtaro wa juu. Ulikuwa umejaa hadi ukingoni, maji yametulia, meusi, hayaendi popote. Wa tatu ulikuwa umebomoka upande mmoja. Nikarudi kuchukua jembe.